Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Viazi Lishe Bagamoyo, 2024

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu na vijana wetu,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka Kiwangwa na Fukayosi mkaacha palizi katika wiki ambayo majani hayamngoji mtu.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Orodha ya waliopanda, kijiji kwa kijiji, katibu ameibandika ukutani karibu na mlango. Kila mmoja atazame jina lake, na akiona kosa aseme leo leo. Mimi nitazungumzia jambo ambalo orodha ile haiwezi kulionyesha, nalo limeninyima usingizi mwaka mzima. Marando, yaani vipande vya shina tunavyopanda ili kupata viazi lishe, viazi vitamu vyetu vya rangi ya chungwa.

Mwaka wenyewe mnaujua. Mvua za El Niño zilizoanza vuli ya 2023 zilikuwa hazijatuacha vizuri, masika yakaingia, na mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Kilitua Mafia, lakini hata huku tulilala macho. Wenzetu wenye mashamba ya bondeni, upande wa Ruvu, walikuta viazi vimeoza ndani ya tuta: unafukua, unatoa kitu laini kama embe lililopitiliza, kinanuka pombe. Naijua hasara hiyo kwa sababu robo eka yangu ilikuwa humo humo. Nawapa pole tena.

Viazi vilivyooza ni hasara ya msimu mmoja. Marando yaliyopotea yanatudai mpaka leo. Kiazi kitamu hakina mbegu ya kuweka ghalani kama mahindi. Mbegu yake ni shina bichi, na shina bichi linataka maji tangu mvua zinapokatika mwezi wa sita hadi vuli inapoanza Oktoba. Wenye mashamba ya juu waliyaachia mbuzi, au wakachuma matembele mpaka yakabaki mashina makavu. Wa bondeni walikuwa wameshapoteza yote kwa maji. Oktoba ikafika.

Jioni moja ya mwezi huo mwanachama wetu wa Fukayosi, mama wa makamo, alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu, mkononi ana kiroba kitupu kilichokunjwa vizuri. Matuta ameshayainua, vibarua ameshawalipa, mvua ya kwanza imeshapiga. Anataka marando ya viazi lishe vya aina ya Kabode. Mimi nilikuwa na kipande kimoja tu pembeni ya kisima, kama upana wa mikeka mitatu. Nilimkatia nilichoweza, hakikujaza hata nusu ya kiroba. Akaniuliza, "Mwenyekiti, na matuta mengine nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Baadaye nilisikia amepanda viazi vyeupe vya jirani, na sikumlaumu. Mvua ikinyesha, tuta halikai tupu.

Nimelileta tukio hili kwenu kwa sababu tumezoea kusema wakulima hawajaelimika. Kila semina inaanza na elimu na kuisha na elimu. Mama yule ameelimika. Anajua kwamba ile rangi ya chungwa ndani ya kiazi ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na kwamba kiazi cheupe hakina kitu hicho cha kutosha. Anajua kiazi kidogo cha gramu 125 hivi kinamtosheleza mtoto mdogo mahitaji yake ya vitamini A ya siku nzima. Alichokosa ni marando tarehe ile ya Oktoba. Ukiitazama orodha ya katibu ya miaka mitatu iliyopita kwa jicho hilo, utaona majina yanadondoka kila vuli, na mengi yao ni ya watu ambao kisima kiko mbali nao.

Hapa uongozi, na mimi wa kwanza, tuna kosa la kukiri. Tangu chama kianze tumegawa marando bure. Yakija ya mradi tunagawa, yakiisha tunasubiri mradi mwingine. Mtu akishazoea kupewa hatunzi, na yule aliyemwagilia kiangazi kizima anaombwa ayatoe kwa hisani. Nani atamwagilia tena mwaka wa pili? Serikali imeweka utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa, ambapo mkulima mwenyewe anazalisha, wakaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wanakagua, naye anauza kihalali. Sisi hatujautumia hata mara moja, na TARI Kibaha, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo kinachotoa marando safi ya kuanzia, ni majirani zetu.

Kuna njia nyingine tuliyoijaribu mwaka huu kwa watu wachache wasio na maji ya kiangazi, nayo imenipa moyo. Siku ya kuvuna unachagua viazi vidogo visivyo na tundu wala jeraha. Unavipanga kwenye beseni lenye mchanga mkavu uliopoa, tabaka la mchanga, tabaka la viazi, bila kugusana, na beseni linakaa ndani ya nyumba. Vinalala humo kiangazi chote. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua unavifukia kwenye kitalu kidogo cha nyuma ya nyumba, kile unachoweza kukimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, na vinachipua marando mapya kwa wakati wake. Kijana mmoja wa Zinga aliniita nikaangalie. Alipopangusa mchanga kwa mkono, viazi vilikuwa na vichipukizi vya zambarau, vifupi kama njiti za kiberiti. Katika beseni lote kimoja tu ndicho kilikuwa kimetobolewa na fukusi, na alikitoa hapo hapo.

Fukusi ndiye adui yetu wa kiangazi. Anapita kwenye nyufa za udongo mpaka kwenye kiazi, na akishatoboa, kiazi kinakuwa kichungu hata mbuzi anakikataa. Dawa yake ni jembe: pandishia udongo, ziba nyufa, vuna kwa wakati, usirudishe viazi kwenye tuta lile lile. Na marando yakatwe nchani, kipande cha sentimita 30 hivi, kwa sababu kule chini karibu na shina ndiko anakotaga mayai. Mmea uliojikunja majani na kupauka ng'oeni, msiuonee huruma. Ule una virusi, na inzi weupe na vidukari watavisambaza shamba zima.

Sasa soko. Sisi watu wa pwani tuna mwezi ambao soko linakuja lenyewe. Ramadhani inakaribia kuanza, karibu tarehe 1 Machi 2025, na hakuna futari bila viazi, mihogo au magimbi. Viazi vilivyopandwa mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba vitakuwa tayari. Nawaomba wenye navyo wasiving'oe mapema kwa tamaa ya bei ya kwanza. Viazi vya futari vikipikwa kwa tui la nazi vinakuwa na faida maradufu, maana vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uichukue vizuri. Bibi zetu walipika hivyo kwa utamu tu, na walikuwa sahihi.

Lakini Ramadhani haisimami. Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo 2026 tunaitegemea karibu tarehe 18 Februari. Hesabuni miezi minne kurudi nyuma mtaona: anayetaka kuuza viazi vya futari mwakani apande kabla ya katikati ya Oktoba, na marando yake yawe yameshasimama kitaluni Septemba. Asiye na marando Septemba hana soko Februari. Kwangu mimi marando na soko ni jambo moja.

Wanunuzi wa Dar es Salaam, hasa wanaopeleka soko la Mabibo, wana malalamiko mawili. La kwanza ni la haki: baadhi ya viazi vyetu ni maji. Mlaji wa pwani anataka kiazi chenye unga, kikipikwa kipasuke. Aina ya Jewel inavutia kwa rangi lakini ni laini mdomoni, na watu wazima hawaipendi. Kabode ina unga zaidi, na ndiyo mnunuzi anaiulizia kwa jina. Mataya na Kiegea, zilizothibitishwa hapa nchini 2010, zinastahili kujaribiwa na wengi zaidi kabla hatujasema lolote. Ombi langu ni kwamba tusichanganye aina katika gunia moja. Mteja akipata viazi maji viwili juu, hatafuti kujua vilivyo chini.

Malalamiko ya pili siyakubali. Wanataka lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, na bado dalali anasimama shambani anataka gunia lishonewe kofia juu. Mkulima anayeuza peke yake jioni, kirikuu kinanguruma, hawezi kubishana. Waliouza kwa pamoja kwa mizani ya chama mwezi Desemba hawakutoa lumbesa, wakalipwa kwa kilo. Mizani ipo. Inatumika mara chache mno.

Kuhusu unga wa viazi lishe niseme ukweli. Tulianika michembe, yaani vipande vya viazi, juani, tukasaga, tukafunga kwenye pakiti na kuuza kama unga wa uji wa watoto. Pakiti za mwisho zilikaa miezi dukani. Nilipofungua moja nikakuta unga umepauka, rangi ya mchanga wa ufukweni. Rangi ikiondoka, lishe nayo imeondoka. Jua kali na kukaa muda mrefu vinaiharibu. Tulikuwa tunamuuzia mama maneno yaliyoandikwa juu ya pakiti. Nimeagiza zilizobaki zirudishwe, na hadi tupate vichanja vya kukaushia kivulini na njia ya kuuza haraka, chama kisiuze unga huo.

Kinyume chake, akina mama wawili wa mjini wanaopika maandazi wamefanya jambo zuri bila kelele. Wanachemsha kiazi, wanaponda, wanachanganya na unga wa ngano, kiazi kikiwa sehemu isiyopungua theluthi. Ngano wanayonunua imepungua, andazi linatoka la rangi ya dhahabu, na watoto wa shule wanalimaliza kabla ya saa nne. Hakuna tangazo lolote la lishe kwenye meza yao. Nimewaomba waje wafundishe wengine, wamekubali.

Nina neno kwa wanaouza vyote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta karibu theluthi moja ya watoto wa nchi hii wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa vitamini A. Upungufu huo unadhoofisha kinga na macho. Matone yanayotolewa kliniki mara mbili kwa mwaka yaendelee, msiwanyime watoto kwa sababu mna viazi. Lakini kuna nyumba za wanachama ambapo gunia la mwisho linapandishwa kwenye kirikuu na watoto wanabaki na ugali mweupe na chai ya rangi. Najua ada za shule. Tengeni tuta moja lisiuzwe.

Bado yapo maneno vijijini kwamba hizi ni mbegu za GMO, yaani zilizobadilishwa vinasaba, au zimewekwa dawa ya kuzuia uzazi. Si kweli. Zimepatikana kwa kuchavusha na kuchagua, kama wakulima walivyochagua mbegu bora tangu zamani, ila kwa utaalamu zaidi. Kabode ilitokea Uganda, katika kazi aliyoiongoza Robert Mwanga. Yeye, Maria Andrade na Jan Low walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa ajili ya kiazi hiki, pamoja na Howarth Bouis wa HarvestPlus, mpango wa kimataifa wa mazao yenye lishe zaidi. Anayewaambia kiazi hiki ni cha maabara ya watu wa mbali mjibuni hivyo.

Kwa mazao mengine nitasema kidogo. Mahindi ya rangi ya chungwa yenye vitamini A yaliidhinishwa nchini 2016, lakini hapa kwetu wazee wanayaona wanakumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano wa miaka ya njaa, na sidhani tuwasukume. Maharage yenye madini ya chuma zaidi, Selian 14 na Selian 15, ni ya watu wa milimani, tutayanunua, hatutayalima. Mihogo ya njano inayolimwa Nigeria inaulizwa kila mkutano. Siku TARI watakapotuletea iliyothibitishwa kwa udongo wetu tutaijaribu, na hadi hapo tubaki na mihogo yetu ya aina ya Kiroba.

Naomba mkutano huu upige kura kwa mambo matatu. Kwanza, chama kiache kugawa marando bure, yauzwe kwa bei ndogo tutakayoipanga leo, na fedha iende kwa anayemwagilia. Pili, tuchague watunza vitalu wenye maji ya uhakika, angalau mmoja kila kijiji, nao waanze taratibu za ukaguzi wa TOSCI kabla ya masika kwisha. Tatu, viazi vyote vya Ramadhani vipite kwenye mizani ya chama. Mkikataa la tatu nitaelewa. La kwanza na la pili nitayatetea kwa nguvu zangu zote.

Kabla ya kura twende wote nyuma ya ofisi. Yule kijana wa Zinga amekuja na beseni lake, mchanga upo, na katibu ana visu vya kutosha kila mtu akate rando lake mwenyewe.