Mama wa ndoo ya dagaa, popote ulipo asante sana

Jamani huyu mama simjui jina wala namba sina, ila leo lazima nimshukuru. Ni 2009, nilikuwa naenda usaili wa maigizo Bagamoyo, nimepanda basi Mwenge, kufika Bunju konda anadai nauli najipapasa pochi hakuna, wameshanichomolea stendi. Konda ananiambia shuka bro usinipotezee muda. Mama mmoja wa siti ya jirani, ndoo ya dagaa iko katikati ya miguu, akafungua fundo la kanga akanilipia, wala hakuniuliza mtoto wa nani.

Sasa kumbe alikuwa ameniona nasoma karatasi, akasema haya soma nikuitikie. Tukaigiza mle ndani ya basi, yeye kawa mama mkwe (na aliweza kweli, watu walicheka!) halafu akanikata, mwanangu mbona unaongea kama mtu wa redioni?

Ilinichoma. Marehemu mzee wangu aliigiza michezo ya redio enzi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), mtaani naitwa mtoto wa fulani, na mimi bila kujua nilikuwa namkopi mpaka kikohozi chake. Siku ile nikaigiza kwa sauti yangu, wakanichukua, na mpaka leo kazi ndo hii inasomesha wanangu.

Mama ulishukia Kerege hata shikamoo ya kuagana hukuisubiri. Kama kuna anayemfahamu amwambie, nauli yake ninayo.