Kwa nini tunagonga chasisi kabla ya kunyanyua gari lako

Wiki iliyopita tulipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa mteja aliyekasirika. Alituletea Land Rover 110 yake ya 1986 tumfungie springi ndefu na shokapu mpya ili linyanyuke, likae juu zaidi. Vifaa alishanunua mwenyewe, vilikuwa bado kwenye maboksi. Sisi tukashinda chini ya gari kutwa nzima, tukamtoza shilingi 150,000 za ukaguzi, na springi hatukufunga. "Nimelipa laki na nusu kuambiwa gari langu bovu," alisema, na hapo alikuwa bado anajizuia.

Malalamiko haya tunayapata karibu kila mwezi. Mtu anaondoka hapa gereji yetu ya Unga Limited, Arusha, akiamini tumemlia hela, anakwenda gereji nyingine, springi zinafungwa kwa saa tatu, halafu anatutumia picha ya gari limesimama juu kama twiga. Tumeona tueleze mara moja, ili anayekuja ajue analipia nini.

Wengi wanaotuletea magari haya hawafanyi biashara ya utalii. Ni watu wenye mapenzi nayo. Kuna daktari, kuna mstaafu aliyeendeshwa kwenye Land Rover 109, ile ya zamani, enzi za kazi na sasa anataka la kwake la kwenda Ziwa Natron na wajukuu Desemba. Pesa anazoweka humo ni za akiba, na ndiyo maana hatutaki zianzie kwenye springi.

Land Rover inawadanganya watu kwa bodi. Bodi ni aluminiamu, haili kutu kama bati la magari mengine, kwa hiyo gari la miaka arobaini likipigwa rangi linang'aa kama jipya. Chasisi iliyolibeba ni chuma. Tena ni chuma cha umbo la sanduku refu lililofungwa, lenye matundu machache. Matope yanaingia, yanakauka humo humo, mvua ijayo yanalowa upya. Kutu inaanzia ndani kuja nje. Ukiona doa dogo la kahawia kwa nje, ujue ndani kazi imeshafanyika. Inapenda zaidi ile boriti ya nyuma panapofungwa tela, sehemu zinapokalia springi za nyuma, na vile vikono vya pembeni vinavyobeba bodi.

Sisi tunaanza na nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia na kuirudisha nyundo mkononi. Kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa, kama debe lenye mchanga, na nyundo inabaki pale pale. Tunagonga kila sentimita chache kutoka mbele mpaka nyuma, tunaweka alama ya chaki panapolia vibaya, tunapiga picha. Kazi hii haina mkato. Inakula asubuhi nzima, na fundi anayeifanya ana familia.

Mwaka juzi kijana mmoja alinunua 110 huko Tanga, gari lililokaa na hewa ya chumvi maisha yake yote. Chini lilikuwa limepakwa lami nyeusi, kwenye picha linapendeza sana. Pigo la tatu nyuma ya gurudumu la kulia, nyundo ikazama. Tulipopanua tundu tukakuta gazeti lililokunjwa likashindiliwa ndani, juu yake puti, juu ya puti lami. Hapo ndipo springi ya nyuma ilipokuwa inakalia. Alikuwa amelitoa Tanga mpaka Arusha na mke na watoto wawili ndani. Aliponyamaza muda mrefu, tulimpa kiti.

Baada ya hapo huwa inakuja sentensi ile ile: "Fundi, si unachomelea tu kapleti juu yake?" Hapana. Pleti ukiibandika juu ya kutu, maji yanakaa katikati ya vyuma viwili na kutu inaendelea kula gizani. Halafu moto wa kuchomelea unaunguza chuma chembamba kilichobaki pembeni ya pleti, na mpasuko unaofuata unaanzia hapo hapo kwenye ukingo. Sisi tunakata mpaka tufike chuma kizima, tunasafisha ndani, tunakunja kipande kipya cha unene ule ule, tunachomelea vipande vifupi vifupi kwa kuhama upande huu na ule ili chasisi isipinde, kisha tunapima mshazari kwa tepu pande zote mbili. Yupo anayebandika kwa elfu themanini ndani ya saa moja. Hatushindani naye kwa bei. Katika chasisi sita tulizokata mwaka jana, nne zilikuwa na pleti zilizobandikwa namna hiyo, na ilibidi tukate eneo kubwa mara mbili ya lile ambalo lingekatwa mwanzoni. Mwenye gari alilipia kubandika, akalipia kubandua, akalipia na kazi yenyewe.

Sasa tuje kwenye kunyanyua. Angalia uma wa mbele wa baiskeli, umeinama kidogo kurudi nyuma, na ndiyo sababu usukani unarudi katikati wenyewe. Ekseli ya mbele ya 110 nayo imeinamishwa, kiwandani ni nyuzi 3 tu. Inashikwa na mikono miwili mirefu iliyofungwa kwenye chasisi. Ukinyanyua bodi sentimita 5, mikono ile inashuka, inaizungusha ekseli, na zile nyuzi 3 karibu zote zinapotea. Gari linakuwa zuri kulitazama, lakini barabarani unalichunga kama mbuzi, na ukigonga shimo kwenye mwendo wa 70 usukani unaanza kutetemeka mpaka unatamani kuuachia. Bushi za kurekebisha hilo zipo, ila hazimo kwenye boksi la springi analoleta mteja. Na kama beringi za vichwa vya ekseli zimelegea, hata hizo bushi hazitakusaidia.

Hilo ndilo tulilolikuta kwenye gari la yule mzee wetu wa ujumbe wa sauti. Lile tufe la chuma kilichopakwa kromu, linapogeukia gurudumu la mbele, lilikuwa limetoboka vidoa kama uso wenye ndui. Sili haiwezi kuzuia mafuta kwenye sura kama hiyo. Alikuwa anajaza grisi kila mwezi, na grisi ilikuwa inatoka na vumbi linaingia. Beringi za juu na chini zilicheza. Kuzifunga vizuri kunataka uvue sili, ufunge, halafu uvute mkono wa usukani kwa mizani ya ndoano, ile ile wanayopimia samaki, usome inachukua kilo ngapi kuanza kugeuka. Ikiwa nyepesi unapunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, ikiwa nzito unaongeza, unafungua na kufunga tena. Tumewahi kurudia mara tano upande mmoja. Mafundi wengi wanapima kwa hisia ya mkono. Sisi tunapima kwa mizani kwa sababu mkono wa saa kumi jioni si mkono wa asubuhi.

Kuhusu spea. Sili ya bei ya chini na sili nzuri zinapishana kama elfu thelathini. Lakini kuifikia sili hiyo lazima ushushe gurudumu, kalipa, habu na kila kilicho mbele yake. Sili mbovu ikivuja baada ya miezi mitatu, kazi hiyo yote inarudiwa, na mteja anashangaa kwa nini tunamtoza tena ufundi kwa "kampira". Ukileta sili yako ya bei ya chini tutaifunga ukisisitiza, ila tutaandika kwenye risiti kwamba umeileta wewe.

Jambo moja hatutalijadili na mtu: mipira ya breki. Kijana wa Moshi alinyanyua gari lake kwingine, sentimita kama 7, mipira ikabaki ile ile mifupi ya zamani. Gari likiwa limesimama kila kitu sawa. Siku gurudumu la mbele liliponing'inia kwenye korongo, njia ya kwenda Engaresero, mpira ulivutika kama kamba ya kuanikia nguo ukapasuka kwenye shingo. Akashuka kilima kilichofuata kwa gia na breki ya mkono. Alituletea ule mpira kwenye mfuko wa shati. Tunao mpaka leo kwenye kabati, na kila mteja wa kunyanyua gari tunamwonyesha.

Wenye Land Cruiser za springi za pleti, zile za kabla ya 1999, nanyi msijione mmepona. Shakeli ndefu mbele, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi, inazungusha ekseli vile vile. Na turbo ya mtumba kwenye 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser hizo, bila kipimo cha joto la moshi na bila kurekebisha dizeli, tunakataa kuifunga. Injini hiyo ilitengenezwa bila turbo. Mwenye haraka ataipata mahali pengine, na hedi iliyopasuka ataileta hapa.

Mzee wetu tulimpa karatasi yenye picha 31 na makisio ya milioni 2.9: boriti ya nyuma, vichwa viwili vya ekseli, bushi, mipira ya breki, na kufunga springi zake mwishoni. Alidhani tumetunga kazi. Vitu vyote tunavyotoa kwenye gari tunarudishia mwenyewe kwenye kiroba, avipeleke kwa fundi yeyote amuulize. Na ile 150,000 inakatwa kwenye bili ukirudi ndani ya siku 60. Tulimwambia siku ile, tunarudia hapa kwa sababu inaelekea hakusikia kwa hasira, na tarehe yake bado haijapita.

Ukaguzi tunafanya Jumanne na Alhamisi, gari moja kwa siku. Lilete limeoshwa chini kwa maji ya presha na likakauka. Usilipake lami.