MALALAMIKO: KIJITABU CHENU CHA MADARAJA YA RELI KINA MAKOSA

Kwa Meneja,

Salamu. Naandika kuhusu ile ziara yenu ya reli ya zamani ya Nakuru kwenda Kisumu, tulilipa bei kamili na kijitabu cha historia juu yake, na hicho kijitabu ndio kimeniudhi sana.

Mmeandika ati madaraja yote ya milima ya Mau, kwenye njia hiyo ya reli, yalitengenezwa Uingereza na kujengwa na Waingereza. Si kweli! Yale marefu ya miguu ya chuma, 27 kwa jumla, ni kazi ya American Bridge Company ya Marekani, kampuni ambayo tajiri wa benki J.P. Morgan aliiunda 1900 kwa kuunganisha makampuni 28, na mwaka uliofuata ikawa chini ya kampuni ya chuma U.S. Steel. Reli ilikuwa ya Waingereza ndio, lakini tenda walishinda Wamarekani sababu walitaka pesa kidogo na muda mfupi, na hiyo maneno ilileta kelele kweli huko London, sasa nyinyi mmeifuta kabisa kama haikutokea. Vyuma vilitengenezwa Pennsylvania, vikaletwa Mombasa kwa meli, vikapakiwa treni mpaka Mau halafu vikaungwa kwa ribiti (pini nene za chuma) hapo hapo juu ya mabonde. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901 ikizunguka kwa njia za muda kwa sababu madaraja mengine yalikuwa bado.

Halafu picha. Mmeweka daraja la Mau mkaandika chini "Tsavo". La Tsavo ni lile la mhandisi Patterson na simba waliokula wajenzi, lilianzwa 1898, na nguzo zake ni za mawe, mtu akiangalia tu anaona.

Na wale Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga hii reli, karibu 2,500 wakafa, wamepewa mstari mmoja tu kwenye kijitabu kizima. Mstari mmoja jamani.

Nimeona mnakiuza kwa wanafunzi pia, wanakopi hayo makosa kwa daftari zao, na mwalimu atajuaje?

Naomba msimamishe kukiuza mpaka kirekebishwe, mfundishe na wale vijana wenu wanaoongoza wageni maana wanarudia maneno hayo hayo, na mnirudishie pesa ya kijitabu (ya ziara sidai, dereva alikuwa mzuri na tulifika salama). Risiti nimeambatanisha. Nijibuni kwa imeili hii hii.

Mteja wenu