Unatoka saa moja, unarudi saa kumi na mbili: mbwa akae wapi?

Kazi yetu ni kufundisha mbwa na kuwatembelea majumbani mchana. Wateja wetu wengi ni waajiriwa, na karibu wote hutuuliza: "Mkishamzoesha kizimba, nitaweza kumfungia humo mpaka nirudi kutoka kazini?" Jibu letu ni hapana, na tunalitoa kabla hata hatujataja malipo. Limeshatukosesha kazi mara kadhaa, lakini ni heri mtu akasirike siku ya kwanza kuliko mwezi wa pili.

Kizimba, yaani kibanda cha vyuma cha mbwa kinachowekwa ndani ya nyumba, ni chumba chake cha kulala. Kinasaidia kwa sababu mbwa hapendi kuchafua pale anapolaza kichwa, hivyo hujifunza kujizuia mpaka atolewe. Pia kinamwepusha na nyaya za umeme na viatu vyako wakati bado hajajua kipi cha kutafuna na kipi si chake. Sasa mfungie kupita uwezo wake uone. Atajikojolea, atalala juu ya mkojo, na baada ya siku chache hatajali tena. Ile tabia ya usafi uliyokuwa unaitegemea ndiyo uliyoiua, na mbwa wa namna hiyo ni mgumu kumfundisha kuliko asiyejua lolote.

Kwa vilebu, yaani watoto wa mbwa, wakufunzi wengi hutumia hesabu hii: umri kwa miezi, jumlisha 1, ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi 2, basi, ni saa 3, na hicho ni kikomo, si kiwango cha kulenga kila siku. Mbwa mzima hatupendi akae kizimbani mchana zaidi ya saa 4 hadi 6 bila kutoka. Uswidi hata mamlaka ya serikali inaelekeza hivi: mchana mbwa atolewe angalau kila baada ya saa 6. Ukijumlisha kazi na safari za kwenda na kurudi, utaona mwenyewe kwamba lazima apatikane mtu wa katikati, awe jirani, ndugu, au sisi.

Kuhusu ukubwa hatutakuchosha. Asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amenyoosha miguu. Kwa kilebu anayekua, nunua cha ukubwa atakaoufikia kisha uweke kizuizi ndani, la sivyo atalala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili.

Kinachoharibu mambo ni haraka. Kizimba kinaletwa Ijumaa, Jumatatu asubuhi mbwa anasukumiwa ndani, mlango unafungwa, gari linaondoka. Angekuwa mtoto wako ungemfanyia hivyo siku ya kwanza ya shule?

Sisi huanza na mlango uliofungwa kamba ubaki wazi, usije ukambamiza akashtuka. Chakula kinarushwa ndani, naye anaingia na kutoka apendavyo. Tulikuwa na jike mmoja wa kahawia ambaye kwa siku nne aliingiza kichwa na miguu ya mbele tu. Ya nyuma ilibaki nje, imekaza sakafuni, kama mtu anayechungulia mlangoni kwa watu asijue kama kuna mwenyeji. Mwenye mbwa alitaka tumsukume kidogo. Tulikataa, tukawa tunasogeza bakuli kwa upana wa kidole. Siku ya tano mguu mmoja wa nyuma ukaingia, ukatoka, ukaingia tena.

Akishakula milo yake yote humo kwa amani, mlango unafungwa akiwa anakula na kufunguliwa kabla hajamaliza. Halafu anabaki dakika moja wewe ukiwa umekaa karibu, halafu unaingia chumba cha pili, halafu unatoka nje na kurudi kimya kimya. Fanya mazoezi ya funguo pia: zichukue, vaa viatu, kisha kaa chini usiende popote. Mbwa husoma dalili hizo kuliko unavyodhani. Wengine huhitaji wiki moja, wengine wiki kadhaa, na likizo yako ndiyo wakati mzuri wa kuanza.

Ushauri wa "mwache alie, atazoea" hatuupendi. Kilebu anayelia usiku wa manane huenda amebanwa tu: mtoe, akojoe, mrudishe bila michezo. Mbwa mzima ukikuta dimbwi la mate, pua iliyochubuka, kucha iliyovunjika au vyuma vilivyopinda, huo si ukaidi. Ni hofu, na kuongeza kufuli kutamuumiza zaidi. Acha kizimba, mpeleke kwa daktari wa wanyama, kisha tuzungumze. Tegesha simu ya zamani imrekodi ukiwa umetoka. Mara nyingi wenye hofu hujionyesha ndani ya nusu saa ya kwanza. Na kabla ya kumfunga, mvue ukosi wa shingoni, maana unaweza kunasa kwenye vyuma ukamkaba.

Huduma yetu ya mchana ni ya nusu saa: tunamtoa kwanza ajisaidie, tunatembea naye, tunabadilisha maji, tunamwachia mpira wenye chakula ndani aulambe taratibu. Kwa kilebu tunakuja zaidi ya mara moja, au tunamtengea chumba kidogo kisicho na hatari badala ya kizimba.

Yule jike wa kahawia siku hizi kizimba chake hakina mlango. Tulishauri ung'olewe baada ya miezi kadhaa bila kuharibu kitu, lakini tukifika saa saba mchana tunamkuta humo humo, anapiga miayo.

Ukitupigia, tuambie umri wake, anakaa peke yake saa ngapi, na kama amewahi kufungiwa kama adhabu. Kama aliwahi, usione aibu kusema. Tutaanza na kizimba kingine, katika chumba kingine.