Maembe ya Nagasena na sumu ya Minamata

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa uchovu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeandika kwamba unataka kujitoa kwenye ile kesi dhidi ya kampuni iliyochafua mto, ubaki na kutafakari kwako tu, kwa sababu Buddha alifundisha kuwa kila jambo hutegemea mengine, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa: sote tunanunua bidhaa zao. Kuhusu uchovu sina neno. Kuhusu Buddha ninalo, na itabidi nipitie Minamata ili nilifikishe.

Minamata ni mji wa pwani kwenye kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Tangu 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitengeneza huko kemikali iitwayo asetaldehaidi, kwa kutumia zebaki kama kichocheo, na maji taka yakaelekezwa ghubani. Zebaki iliingia kwenye samaki na kome, kisha kwa walaji. Paka walitangulia: walirukaruka kama wenye wazimu, wengine wakatumbukia baharini. Tarehe 1 Mei 1956 Hosokawa Hajime, daktari mkuu wa hospitali ya kiwanda, aliripoti ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Watoto walikuwa wakipoteza uwezo wa kutembea na kusema. Wengine walizaliwa wakiwa tayari wameathirika, maana sumu ilipita kutoka kwa mama hadi tumboni.

Hadi hapo mtu anaweza kusema hawakujua. Lakini mwaka 1958 kampuni ilihamishia maji taka kwenye mdomo wa mto, na ugonjwa ukaenea ufukwe mwingine. Julai 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto wakaitaja zebaki. Mwezi huohuo Hosokawa alianza kumlisha paka, aliyeandikwa namba 400, chakula kilichochanganywa na maji taka ya mtambo ule. Oktoba paka akapata dalili zilezile. Uongozi ukamzuia kuendelea, na matokeo yakafichwa. Desemba ukazinduliwa kwa sherehe mtambo wa kusafisha maji ambao haukujengwa kuondoa zebaki, na siku chache baadaye wagonjwa wakatia saini mkataba wa pesa za pole: yeni 300,000 kwa aliyefariki, pamoja na kifungu kwamba hata ikithibitika baadaye kuwa kiwanda ndicho chanzo, hawatadai tena. Sumu iliendelea kumwagwa hadi 1968. Septemba mwaka huohuo, mtambo ukiwa umeshazimwa, serikali ikatangaza rasmi chanzo.

Sasa turudi kwenye mafundisho. Buddha alisema karma, yaani tendo ambalo matunda yake humrudia mtendaji, ni nia: mtu hunuia, kisha hutenda kwa mwili, kwa neno au kwa fikra. Basi swali la kwanza la Mbuddha kuhusu Minamata ni lilelile la mwendesha mashtaka: walijua nini, na walijua lini? Kabla ya paka yule unaweza kubishana. Baada yake, kilichomwagwa kilimwagwa kwa kujua.

Na kuna jambo linaloniumiza mno. Wapo wanaosikia habari za watoto wale wakasema ni karma yao ya maisha yaliyopita. Buddha mwenyewe alipoulizwa kama kila maumivu hutokana na matendo ya zamani, alikataa. Alitaja nyongo, kohozi, upepo, mabadiliko ya hali ya hewa, hata kushambuliwa. Kumbebesha mtoto deni la kiwanda ni ukatili, na kuutia jina la dini kunauzidisha.

Utaniambia kampuni haina nafsi, ni makaratasi na watu wanaokuja na kuondoka. Wabuddha wana jibu la zamani kwa hoja hiyo, maana kwao hata mtu hana nafsi isiyobadilika. Mfalme Milinda alimbana mtawa Nagasena: kama hakuna nafsi inayohama kutoka uhai huu kwenda mwingine, si mtu atakwepa matunda ya matendo yake? Nagasena akampa mfano wa mwizi wa maembe anayejitetea kwamba maembe aliyopanda mwenye shamba siyo aliyochuma yeye. Kweli, lililofukiwa lilishaoza, lililochumwa ni jingine. Lakini mfalme mwenyewe alikubali kwamba mwizi ana hatia, kwa sababu embe la pili limetokana na la kwanza.

Unaona? Kule kutegemeana unakokutaja wewe ili kumwachilia mwizi, ndiko kunakomtia hatiani. Mwaka 2011 Chisso ilihamishia biashara yake kwenye kampuni tanzu mpya, JNC, yenyewe ikabaki na mzigo wa kulipa fidia. Nadhani Nagasena asingebabaishwa na jina jipya.

Najua utamtaja Ogata Masato, maana wengi humtaja. Mvuvi yule alimpoteza baba yake kwa ugonjwa huo akiwa mtoto, akapigania haki kwa miaka, kisha mwaka 1985 akaliondoa ombi lake la kutambuliwa kuwa mgonjwa. Alisema Chisso ni yeye pia, kwa kuwa anaishi katika jamii ileile inayotaka magari na plastiki. Maneno yake ni mazito na nayaheshimu sana. Ila aliyesema hivyo ndiye aliyekwenda kwa mashua ya mbao mwaka 1987 akaketi mbele ya lango la kiwanda. Alichoka kuona hatia ikigeuzwa fomu na malipo. Alitaka kuonana na binadamu. Mwathirika akisema maneno hayo, anajitwika sehemu ya mzigo. Mkurugenzi akiyaazima, anautua wake.

Kwa watawa wa Kibuddha, aliyekosa hukiri mwenyewe mbele ya mwenzake, kwa kulitaja kosa. Hosokawa alifika hapo akiwa amechelewa: Julai 1970, mgonjwa kitandani, aliieleza mahakama iliyosikiliza kesi ya wagonjwa dhidi ya Chisso habari za paka namba 400, na miezi michache baadaye akafariki. Novemba mwaka huo wagonjwa, waliokuwa wamenunua hisa mojamoja ili waruhusiwe kuingia, walifika kwenye mkutano wa wanahisa huko Osaka wamevaa mavazi meupe ya mahujaji, wakiimba nyimbo za kuwaombea wafu. Hakuna aliyewaambia kwamba Mbuddha hukaa kimya. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto ikaamua kwamba kampuni inawajibika na kuubatilisha ule mkataba wa pesa za pole.

Kwa hiyo pumzika, ndugu yangu. Acha vikao kwa muda, lala, tafakari. Nitakusaidia kusoma nyaraka za kesi ukizituma. Na ukiamua kujitoa kabisa sitakulaumu, kwani umebeba mengi. Ila uwaambie wenzako kwamba umechoka. Usiwaambie kwamba Buddha ndiye aliyekutuma.

Nangoja jibu lako.

Wako daima,
Rafiki yako