Kwa mabibi wenzangu, kabla hamjasema mtoto kabemendwa

Mabibi wenzangu, shikamooni mlionizidi umri, na nyie wengine marahaba hata kama hamjaniamkia. Barua hii siwaandikii wazazi, wazazi wanashauriwa na kila mtu mpaka kondakta wa daladala. Nawaandikia nyie sababu kwenye hii habari mtu mbaya nilikuwa mimi.

Mjukuu wangu alizaliwa na kilo 2.9, katoto kazuri tu, wiki ya tatu akaanza, ananyonya dakika 5 anaachia, paji la uso linatiririka jasho, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, analala kwa uchovu halafu nusu saa haijaisha njaa ishamwamsha. Miezi 3 ana kilo 3.4, mstari kwenye kadi ya kliniki umelala kabisa. Na mimi mtu mzima nikamwambia mkwe wangu mmembemenda mtoto, yaani mmekutana kimwili mtoto bado ananyonya, mmeshindwa kuvumilia, tena kwa sauti majirani wanasikia. Nikatafuta na fundi wa kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, wembe ushanunuliwa, mwanangu ndo akasimama mlangoni akakataa, siku hiyo tuligombana haijapata kutokea.

Kumbe moyo una tundu. Damu inazidi kwenda mapafuni, mtoto anahema muda wote, na kwa kichanga kunyonya ndo kazi nzito kuliko zote, kwahiyo anapata kidogo na hicho kidogo kinaishia kwenye kuhema. Tungemkata kimeo siku ile, kwanza damu, pili kidonda kooni, angenyonyaje jamani?

Basi mkiona jasho la kichwani akinyonya, kuhema haraka, kuachia achia ziwa, midomo kuwa ya bluu, nendeni hospitali muulizie kipimo cha eko, kile cha kuupiga moyo picha. Mkipewa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili msisubiri mahindi yauzwe, hela kama hamna semeni mapema ustawi wa jamii wa hospitali wawasikilize.

Sasa mpira wa puani, ule wa kupitishia maziwa mpaka tumboni, na wetu aliwekewa. Mtaani wakiuona wanajua mtoto anaaga, mi mwenyewe nililia. Ule mpira unampumzisha tu, ananyonya kidogo anachoweza na maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanamalizia kwa njia hiyo. Nilifundishwa na nesi mpaka nikaweza, unaangalia alama ya plasta puani haijasogea, unavuta kidogo na sirinji kuhakikisha mpira upo tumboni kama walivyokuonyesha, unamwinua kichwa, halafu unaacha maziwa yashuke yenyewe, usisukume hata kama una haraka ya kwenda kwenye kikoba. Akikohoa au akibadilika rangi unasimamisha palepale. Kama huna uhakika mpira uko wapi usimpe kitu, rudi hospitali. Wa kwetu ilikuwa mils 50 kila saa 3, mara 8, usiku na mchana, wa kwenu atapangiwa chake.

Hebu pigeni hiyo hesabu kwa mama mmoja. Anakamua, analisha, anaosha sirinji, anampa dawa ya kutoa maji mwilini, saa inarudi tena, na maziwa yenyewe yanapungua mama asipolala. Hapo ndo kazi yetu ilipo mabibi. Nilichukua saa 6 na saa 9 za usiku, mkwe wangu siku ya kwanza alilala saa 5 mfululizo akaamka amechanganyikiwa akidhani mtoto kafa. Nilimwomba msamaha palepale na bakuli la kukamulia mkononi. Hakunijibu, na haki yake.

Na uji msimkorogee kwa siri eti maziwa mepesi, chini ya miezi 6 kuongeza chochote aseme mtu wa lishe.

Alifanyiwa upasuaji na miezi 9, kilo 6 kasoro. Moyo ukatulia, kuhema kukaisha, nikajua sasa atakula, wapi! Mtoto aliyekaa na mpira muda mrefu kinywa kinaogopa, ukileta kijiko anafunga mdomo anatapika hata kabla hujamgusa. Tulikuwa tunamweka mkekani na wenzie wakila, ashike, apake usoni, amwage, bila kumlazimisha, miezi imepita hivyo. Sasa ana miaka 2 na kijiko bado hakitaki, ugali na mlenda anakula kwa mkono wake mpaka kiwiko kinateleza, mama yake anaona uchafu, mi namwambia mwache.