Kabla hamjafukia mtaro, kila nyumba iachiwe kiungio chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwafikie wanaotandaza bomba la majitaka chini ya barabara za mitaa yetu ya pembezoni hapa Mwanza. Sina ugomvi na bomba. Tumelisubiri miaka mingi, na sisi tunaoishi juu ya mawe hatuhitaji kusomeshwa faida yake. Ugomvi wangu ni namna mtaro unavyofukiwa.

Wiki iliyopita kijiko, ile mashine ya kuchimba mtaro, kilikuwa mtaa wa chini yetu. Nikashuka na kanga yangu begani kwenda kuangalia. Mtaro ulikuwa umepasua barabara katikati, kina chake kinanizidi kimo, na kila bodaboda ikipita kingoni udongo unamwagika ndani. Vijana watatu walikuwa huko chini, mmoja ameshika pima maji, na kuta hazikuegemezwa hata ubao mmoja. (Mita moja ya ujazo ya udongo inazidi tani moja. Anayewaajiri vijana hao alifikirie hilo kabla ya jambo lolote ninaloliandika hapa.)

Bomba lenyewe zuri, jipya. Nikaanza kutafuta viungio vya nyumba, yaani pale bomba la kila nyumba litakapoungwa. Sikuona hata kimoja. Kutoka chemba hadi chemba, nyumba zimejipanga kulia na kushoto, na bomba limepita kama linapita porini. Nikamwuliza fundi.

"Mama, sisi tumepewa bomba kubwa tu. Za nyumbani ni awamu nyingine, kila mtu atajichimbia."

Jioni kifusi kilikuwa kimerudishwa chote kwa mkupuo, kikapitiwa na tairi za kijiko mara mbili, basi. Kufukia kwa kweli ni kwa tabaka: unamwaga kidogo, unashindilia, unamwaga tena. Juzi ilinyesha mvua ya nusu saa tu na bajaji ikazama gurudumu la mbele pale pale. Abiria alishuka na ndoo yake ya dagaa kichwani, akamalizia safari kwa miguu huku akitukana.

Sasa hesabuni wenyewe. Mtaa una nyumba thelathini, kila mmoja akijichimbia kwa wakati wake, barabara hiyo itapasuliwa mara thelathini. Na fundi wa mtaani hana kiungio sahihi cha kuweka kwenye bomba lililokwisha kulazwa. Sahihi ni kile cha mshazari ambacho mafundi hukiita wai, kwa sababu kina umbo la herufi Y, ili majitaka yaingie yakifuata mkondo. Yeye atachukua tindo, atoboe tundu, achomeke bomba la inchi 4, apake saruji kuzunguka. Ncha ya bomba itakuwa imejitokeza ndani, na kila tambara na kila pampasi inayopita itanasa hapo. Penye ufa wa saruji udongo utanyonywa kidogo kidogo hadi barabara ititie. Bomba likiziba, majitaka yatafumukia kwenye chemba iliyo mbele ya nyumba ya aliye chini kuliko wote, ambaye huenda hata hajaunganishwa.

Jambo jingine ni la milima yetu. Kutoka nyumbani hadi bomba la barabarani majitaka huenda kwa mserereko, hayasukumwi na pampu. Bomba la nyumba linataka kushuka kama sentimita 1 kwa kila mita, na mara nyingi zaidi ya hapo. Sasa mtaa wa mlimani una pande mbili: wa juu ya barabara na wa bondeni. Mimi niko bondeni. Choo cha wapangaji wangu kiko chini ya usawa wa barabara, na ninapotazama kina cha mtaro ule sioni maji yangu yakipanda kuufikia. Huenda nimekosea. Lakini hakuna aliyekuja na kipimo kuhakikisha, na wakati wa kugundua hilo ni kabla ya kulaza bomba. Ukizungukia nyumba moja moja kuuliza choo kiko wapi, ndipo utakapojua nani atafikiwa na bomba la barabarani na nani ahitaji njia nyingine. Njia hiyo si ngeni hapa kwetu. Igogo, Mabatini na Kilimahewa wameona mabomba membamba yakipita kati ya nyumba na nyumba, juu ya miamba, yakiufuata mteremko ulivyo badala ya kuifuata barabara.

Tusipounganishwa, tutaendelea kama zamani. Gari la kunyonya haliwezi kupanda kwetu. Karo la choo likijaa, wapo wanaosubiri mvua ya masika usiku wa manane, wanalifungulia kwenye korongo. Asubuhi watu wanasalimiana kana kwamba hakuna kitu, harufu imetanda mtaa mzima. Korongo linashuka hadi Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bombani tunayokunywa yanatoka ziwa hilohilo.

Ninachoomba si bure. Gharama ya bomba kutoka chooni hadi ukingo wa barabara nitaibeba mwenyewe, na majirani niliozungumza nao wako tayari. Tuwekewe wai tu, na kipande cha bomba hadi nje ya barabara, kizibwe kifuniko, kipigwe alama. Kisha washindilie vizuri.

Kijiko sasa kiko kona ya msikiti, kimebakiza kama mita arobaini kufika kwangu. Nimepigilia kigingi mahali ninapotaka bomba langu lipite, nimekifunga kitambaa chekundu ili dereva asiseme hakukiona.

Mama mwenye nyumba,
Ilemela, Mwanza